Kuchuja Matokeo kwa Aina ya Faili

Kisima kimoja cha mvuke wa jotoardhi huko Olkaria, Kenya, huzaa maandishi mengi kabla hakijazaa umeme. Kuna ripoti ya uchimbaji, kuna vipimo vya joto na shinikizo kwa kila kina, kuna uchambuzi wa kemia ya maji na gesi, kuna picha za vipande vya mwamba vilivyopanda juu wakati wa kuchimba, kuna ramani. Siku hizi yote hayo ni faili za kompyuta, na mara nyingi jina linalozikutanisha ni moja: la kisima chenyewe. Visima vya Olkaria hupewa herufi OW na nambari, na vikichimbwa vingine kwenye kiwanja kilekile huongezewa herufi, ndipo tunapopata OW-914, OW-914A, OW-914B na ndugu zao. Mwanafunzi wa jiolojia anayeandika 914 kwenye kisanduku cha kutafutia humwagiwa ukoo mzima, ilhali alichokuwa akitaka ni jedwali la joto tu.

Dawa ipo, nayo ni kuiambia kompyuta, pamoja na jina, ni faili ya namna gani inayotafutwa. Kazi hiyo napendekeza tuiite kuchuja matokeo kwa aina ya faili. Ni maneno sita, na ningeyatetea yote.

Nianze na chombo chenyewe. Wengi hutafuta kwa kufungua folda moja baada ya nyingine. Wenye haraka hutumia kizinduzi: programu inayojificha hadi ubonyeze vitufe viwili, kisha kisanduku kikajitokeza katikati ya skrini, ukaandika herufi chache na kufungua programu au faili bila kugusa kipanya. Kwenye kompyuta za Apple kuna Spotlight, iliyoingia mwaka 2005, na baadaye zikaja Alfred na Raycast. Kwenye Windows kuna PowerToys Run, na wengi huongeza Everything, ambayo kazi yake ni kutafuta faili tu lakini huifanya kwa kasi ya ajabu. Vijana wa simu husema lancha, na sina ugomvi nao. Hata hivyo, kizinduzi kinaeleweka papo hapo na yeyote aliyewahi kusikia kwamba gavana amezindua barabara, na kitenzi chake cha zamani, kumzindua aliyelala, kinaifaa zaidi programu inayongoja kuamshwa.

Kuchuja nako kunahitaji uangalifu. Mkenya akisikia mchujo hufikiria kura za vyama, ambako aliyechujwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana anayeanza kutumia kompyuta huogopa: je, nikichuja, faili nyingine zitafutika? Hazifutiki. Ziko palepale zilipokuwa. Kilichopungua ni orodha iliyo mbele ya macho. Kwa hiyo nasisitiza kusema kuchuja matokeo, wala si kuchuja faili. Neno hilo moja humwondolea mtu hofu.

Ugumu wenyewe uko kwenye aina, nao ulianza zamani.

Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme. Mwaka huohuo IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, na mfumo wake uliruhusu jina la faili la herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu za kutambulisha aina. Utaratibu huo ulikuwa umerithiwa kutoka mifumo ya miaka ya 1970, na bado tunaishi nao. Herufi zile za baada ya nukta ndizo kiendelezi: pdf, xlsx, csv, jpg. Neno ni zuri, ila lina kazi nyingine, kwani vivinjari vya intaneti huita viendelezi vile vijiprogramu vinavyobandikwa kuongeza uwezo. Inapokuwa wazi kwamba tunazungumzia jina la faili, hakuna tatizo. Isipokuwa wazi, tuseme kiendelezi cha jina.

Lakini kiendelezi si aina. Ni madai tu yaliyoandikwa mwishoni mwa jina, na mtu anaweza kuyabadili kwa kuandika upya. Mfano unaowagusa watu wa visima ni LAS. Chama kimoja cha wapimaji wa visima cha Kanada kiliweka umbizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1980 ili vipimo vya ndani ya kisima viandikwe kwa maandishi ya kawaida. Ukifungua faili yake kwa programu ya kuandikia utaona mistari inayoanza na alama ya ~, kisha jina la kisima, kisha safu za tarakimu kwa kina. Baadaye wapima ardhi kwa miale ya leza kutoka angani walichagua herufi zilezile kwa mamilioni ya nukta za sura ya nchi. Faili yao huanza na herufi LASF, na zinazofuata hazisomeki kwa jicho. Anayeshughulika na kisima na pia na mlima kinapokaa anaweza kuwa nazo zote mbili kwenye folda moja, akiomba las akaletewa mchanganyiko.

Ndiyo sababu tunahitaji maneno matatu. Kiendelezi ni mkia wa jina. Umbizo ni jinsi data ilivyopangwa ndani. Aina ni kundi pana zaidi linalomhusu mtumiaji: picha, jedwali, hati, ramani. Picha moja huweza kuwa jpg, png au tiff, na anayetafuta picha ya mwamba hajali ni ipi. Apple waliliona hilo, wakaweka daraja za aina ambamo jpg na png zote ni watoto wa picha.

Tofauti hiyo inaonekana mara tu unapoanza kuandika. Kwenye Everything, ukiandika 914 ext:xlsx;csv utabaki na majedwali peke yake, kwa sababu ext husoma mkia wa jina. Kwenye Spotlight, Olkaria kind:pdf hufanya zaidi: huchagua hati za PDF, tena hutazama na maandishi yaliyomo ndani. Hilo ni jambo kubwa kwa msomaji wa jotoardhi. Makala za Kongamano la Dunia la Jotoardhi, zenye habari tele za Olkaria, mara nyingi hupakuliwa zikiwa na jina la tarakimu tu. Kwa jina huwezi kuipata hata moja. Kwa aina na neno lililomo ndani, utaipata. Everything, kwa kawaida yake, haisomi yaliyomo, na huko makala hizo zitabaki kuwa tarakimu.

Hata hapo kuna mpaka. Ripoti ya zamani iliyopigwa chapa kwa taipureta kisha ikaskaniwa ni PDF pia, lakini ndani yake mna picha ya karatasi, hamna herufi. Kizinduzi kitaihesabu katika aina, lakini huenda kikaikosa katika maneno. Mwenye nyaraka za miaka ya 1970 kwanza aitumie kompyuta kuzitambua herufi zilizo pichani, la sivyo ataamini kwamba ripoti haipo kumbe imelala kwenye diski yake.

Na ramani zina mambo yake. Ramani ya umbizo la shapefile si faili moja; ni tatu kwa uchache, shp, shx na dbf, zenye jina lilelile na mikia tofauti. Ukichuja kwa shp utaiona moja, na ukiituma hiyo pekee kwa mwenzako aliyeko Nakuru, haitafunguka ipasavyo. Ukishaipata, ondoa kichujio, andika jina peke yake, na uzichukue zote pamoja.