Kipande cha mwisho cha taarabu

Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, akaupandishia maneno ya Kiswahili, na Dar es Salaam ikapata rapu yake. Wanaosimulia muziki wa kizazi kipya, yaani Bongo Fleva, wengi huanzia hapo, kisha huja Radio One mwaka 1994, studio ya Mawingu, Master J, na P-Funk Majani na Bongo Records yake. Ni historia ya kweli, na naiheshimu. Lakini mimi nilikuwa fundi wa kompyuta Kariakoo, na wateja walioniletea CPU zao kwapani wakitaka "programu ya biti" walitoka Manzese, Tandale na Mburahati. Hao hawakutumwa na rapu ya Marekani. Walitoka kwenye shughuli za akina mama.

Nianze na mambo yalivyokuwa kabla yao. Kwa miaka mingi kurekodi ilikuwa kazi ya serikali. Bendi kama NUTA Jazz na Western Jazz ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, barabara ya Pugu, zikapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na fundi mitambo akaunasa kwenye utepe wa rili. Tarumbeta ikiteleza, bendi nzima inarudia. Muziki ulikuwa tukio la watu waliokaa chumba kimoja, saa moja. Hakuna aliyefikiria kukata kipande cha sekunde 8 na kukirudia mpaka asubuhi.

Uswahilini, hata hivyo, kukata na kurudia kulianza kabla ya kompyuta. Vijana wa mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, walikuwa na kinanda kidogo cha Casio kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanafunzi, wakakiunganisha na vipaza sauti vya honi mpaka sauti ikakwaruza, wakazungusha kijimelodi kilekile huku ngoma za Kizaramo zikienda mbio. Jagwa Music ndio waliokuja kuufikisha Ulaya, kwa albamu ya Bongo Hotheads ya mwaka 2012, lakini mitaa ya Dar ilikuwa imeusikia kwenye kaseti miaka mingi kabla.

Halafu kulikuwa na taarabu ya kisasa. Miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano vilishindana kwa vijembe, na East African Melody nao wakajaza kumbi. Nyimbo zilikuwa ndefu, na mwishoni mwimbaji akishamaliza, vyombo viliendelea peke yake: kinanda, besi, mdundo. Hapo ndipo akina mama waliinuka. Maneno yalisikilizwa kwa kukaa, mtu akienda mbele kutunza, lakini kile kipande cha mwisho kilikuwa cha kiuno.

Kwenye kigodoro, shughuli ya usiku kucha inayofanyika mtaani kabla ya harusi au wakati wa kumtoa mwali, DJ hakuwa na bendi. Alikuwa na spika za kukodi, CD, na baadaye kompyuta. Wenye shughuli wametoa michango yao, wameshona sare, wanataka kucheza. DJ akiacha wimbo uishe, anasikia: "We DJ, mwanangu, mbona unatulaza?" Basi akajifunza kurudia kile kipande cha mwisho. Kisha akaongeza kasi. Wachezaji wakaipokea, akaongeza tena. Mtu akashika maikrofoni, akawataja wenye shughuli mmoja mmoja na kuwasifu, na kusifu kule kukageuka kughani. Singeli, muziki wa kasi wa vijana hao, ilizaliwa hivyo, miaka ya 2000, kati ya usiku wa manane na alfajiri, na waliokuwa wakiamua kipi kibaki na kipi kiachwe walikuwa wanawake waliokuwa wakicheza.

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. FruityLoops ilitengenezwa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2003 ikabadilishwa jina kuwa FL Studio, ingawa mtaani wengi waliendelea kuiita Fruity. Kwenye kioo chake kuna safu za visanduku, 16 kwa kila safu: safu ya kiki, safu ya snea, safu ya chochote utakacho. Unabonyeza kisanduku kinawaka, na mdundo unapita hapo kila mzunguko. Asiyejua nota hata moja anaweza kupanga ngoma kwa kuitazama. Na ilikubali kuendeshwa na mashine kuukuu zilizokuwa zimeshatumika maofisini Ulaya kabla ya kufika kwetu.

Utepe ukiuongeza kasi, sauti nayo hupanda. Hizi ni sheria za fizikia. Kompyuta ilivunja kifungo hicho: ilikuruhusu kuharakisha kipande bila kupandisha sauti. Vijana walijua kufanya hivyo, na mara nyingi hawakutaka. Waliacha kinanda cha taarabu kilie kwa wembamba, kwa sababu ndivyo kilivyosikika kwenye shughuli, na hiyo ndiyo ladha iliyopendwa. Mteja mmoja alinieleza shida yake kwa ufupi: "Kaka, nataka ikimbie bila kukwama." Mashine yake ilikuwa inagota kila alipovuka mapigo 200 kwa dakika. Tuliongeza kumbukumbu, ikapita. Bongo Fleva nyingi hukaa karibu na mapigo 100. Singeli huvuka 200, na nyingine hukaribia 300.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wageni wengi wakisikia kasi hiyo hudhani mashine ndiyo iliyoileta. Mashine ilikuwa inafukuzana na miguu ya watu. Prodyuza aliyejifungia chumbani bila kutoka kwenda kwenye shughuli hakudumu, hata awe na programu mpya kiasi gani.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Msaga Sumu na Man Fongo waliingiza singeli redioni na kwenye majukwaa makubwa. Mburahati, chumba cha prodyuza Sisso kikawa shule ya maprodyuza, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa Sounds of Sisso. Bamba Pana, Jay Mitta na Duke wakapata albamu zao, na wakaanza kupigia watu wa Ulaya.

Kinachonikosesha usingizi ni kumbukumbu. Rili za barabara ya Pugu zipo. Zina vumbi, lakini zipo, na wimbo wa miaka ya 1960 unaweza kuchezwa tena. Kazi za kwanza za vigodoro zilikaa kwenye diski za kompyuta zilizoungua kwa umeme kukatika na kurudi, kwenye flashi zilizofutwa kupisha nyimbo za wiki iliyofuata, kwenye CD zilizochomwa nyumbani ambazo leo hazisomeki. Zilikuwa kazi za usiku mmoja kwa watu wa mtaa mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuziandikia jina wala tarehe.

Siku hizi nikiletewa mashine ya zamani kutoka pande zile, kabla sijagusa kitu namwomba mwenyewe ruhusa ya kunakili folda ya muziki. Wengi hukubali. Kisha namuuliza shughuli ilikuwa ya nani, mtaa gani, DJ alikuwa nani, na kipande kile kilikatwa kutoka wimbo upi wa taarabu. Swali la mwisho ndilo linalojibiwa kwa uhakika zaidi, na mara nyingi anayelijibu ni mama yake.