Sauti ya Kukwaruza na Michoro ya Mafundi

Kuna sauti moja ya gitaa ambayo wazee wengi wanaichukia na vijana wanaipenda: ile inayokwaruza, sawa vile kipaza sauti kimepasuka. Wengi wetu tunafikiri kama ilibuniwa na makampuni makubwa. Historia inatufundisha mengine.

Ilianza na uharibifu. Kule Nashville, Marekani, wakati wa kurekodi "Don't Worry" ya Marty Robbins, wimbo uliotoka mwaka 1961, mashine ya kuchanganyia sauti iliharibika sehemu moja, na gitaa ya besi ya Grady Martin ikatoka ikikwaruza. Waliiacha vile. Kisha fundi wa sauti Glenn Snoddy akasaidia kutengeneza mtambo wa transista wa kuleta sauti ile kwa makusudi. Kampuni Gibson ikauuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone: kisanduku cha kukanyaga kwa mguu.

Ndani hamna uchawi. Transista inakuza mawimbi ya gitaa mpaka yanapita nguvu ya betri. Vichwa vya mawimbi vinakatwa, na sikio linasikia ukali. Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966 na kupendwa na Jimi Hendrix, ilikuwa na transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vifungo 2 vya kuzungusha. Betri moja ya volti 9 ilitosha.

Kwa hiyo magazeti ya ufundi, kama Popular Electronics ya Marekani (1954) na Practical Electronics ya Uingereza (1964), yalikuwa shule ya wasio na pesa nyingi. Kijana alisoma mchoro, akatafuta vipande ndani ya redio iliyokufa, akalehemu. Wanaofuata michoro ya zamani leo wanakuta shida moja: transista za jermaniumu zinabadilika na joto, na hata mbili za namba moja hazifanani. Ukiweka za silikoni, ukali unazidi. Lazima kupima kadhaa na kuchagua. Pale mchoro unapoishia, sikio linamaliza kazi.

Na kwetu? Kinshasa, Mzee Mingiedi wa Konono N°1 alifikia ukali huo kwa njia yake: likembe, sumaku za vipande vya magari ya zamani, na vile vipaza sauti vinavyoitwa lance-voix. Hakuhitaji kuiga Nashville, kwa maana likembe tangu zamani iko na vipete vya chuma vya kuifanya ivume. Mwaka 2004, albamu Congotronics ilisikilizisha dunia nzima sauti hiyo. Mzee alifariki 2015.

Tofauti tunayoiona ni hii: kazi ya mafundi wa kule ilichorwa, na mutu anaweza kuijenga upya kisha miaka sitini. Ya kwetu, sehemu kubwa inakaa mikononi mwa mwenye kuijua, na inazikwa naye. Basi tuwatume wanafunzi wetu kwa mafundi wa redio wa mitaa yetu, na daftari na kalamu, wachore kila waya unapoanzia na unapofika. Mzee akiwa angali hai, swali lina wa kulijibu.