Kocha anapovuka mpaka: anayeondoka, anayebaki, na mashabiki wa Busia na Tororo

Upande mmoja wa mji wa Busia, habari ya kocha kuondoka inaweza kupokewa kama msiba. Hatua chache ng'ambo ya mpaka, kocha huyohuyo anaweza kupokewa kwa vigelegele. Hilo si jambo la kubuni. Tangu mwaka 2013, makocha wasiopungua watatu wamefanya kazi Uganda na Kenya kwa nyakati tofauti, na kila mara mashabiki wa mpakani wamelazimika kujiuliza upya wanamshangilia nani na kwa sababu gani.

Makala hii inaeleza nani wameondoka, nani wamebaki nyuma yao, na kwa nini suala la kocha msaidizi, ambalo kwa kawaida halipewi uzito katika habari za michezo, ni zito kuliko linavyoonekana.

Mji mmoja, timu mbili

Busia ni jina la miji miwili inayogusana. Wa magharibi ni makao makuu ya Wilaya ya Busia nchini Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Wa mashariki ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Wajopadhola wa Tororo wana lugha ya ukoo mmoja na Kijaluo kinachozungumzwa Kenya. Neno bodaboda, ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima, linahusishwa na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo katika mpaka huu.

Kwa hiyo mechi ya Uganda Cranes na Harambee Stars si mechi ya majirani tu. Inaweza kuwa mechi ya ndugu wa tumbo moja, mmoja akiwa na kitambulisho cha Uganda na mwingine cha Kenya. Tarehe 8 Oktoba 2011, katika uwanja wa Namboole, Uganda ilihitaji ushindi dhidi ya Kenya ili kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mechi iliisha 0-0, na nafasi ikaenda Angola. Miaka kumi baadaye, katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2022, timu hizo zilitoka sare mara mbili: 0-0 jijini Nairobi mwezi Septemba 2021, kisha 1-1 huko Kitende mwezi Novemba, pale bao la Fahad Bayo lilipofuta lile la Michael Olunga.

Makocha watatu waliovuka

Wa kwanza ni Bobby Williamson, raia wa Scotland. Alianza kuifundisha Uganda mwaka 2008, akatwaa Kombe la CECAFA mara nne: 2008, 2009, 2011 na 2012. Hata hivyo, kiu kubwa ya mashabiki ilikuwa Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo Uganda haikuwa imelicheza tangu 1978. Sare ya 2011 na Kenya iliwanyima nafasi hiyo. Mwaka uliofuata wakatolewa na Zambia kwa mikwaju ya penalti hapo hapo Namboole. Baada ya kufungwa 2-0 na Liberia mwezi Machi 2013, Williamson alifutwa kazi.

Miezi michache baadaye alikuwa Nairobi, kwenye benchi la Gor Mahia. Klabu hiyo ilikuwa haijatwaa ubingwa wa Kenya tangu 1995. Mwaka huohuo wa 2013 ikautwaa, ikiwa na mshambuliaji Mganda Dan Sserunkuma katika safu yake. Mwezi Agosti 2014 Williamson akakabidhiwa Harambee Stars, kazi aliyoifanya hadi mapema 2016. Mtu ambaye mashabiki wa Uganda walimlaumu kwa penalti za Namboole akawa sasa ndiye anayetafuta mbinu kwa niaba ya jirani.

Wa pili alivuka kwa njia ya kinyume. Paul Put, Mbelgiji aliyeifikisha Burkina Faso fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2013, aliteuliwa kuifundisha Kenya mwezi Novemba 2017. Mwezi mmoja baadaye Kenya ilitwaa Kombe la CECAFA mjini Machakos kwa kuishinda Zanzibar kwa penalti. Mwezi Februari 2018 Put akajiuzulu, akitaja sababu za kibinafsi. Mashabiki walibaki na kombe mkononi, bila aliyewaongoza kulipata. Put alirudi Afrika Mashariki mwezi Novemba 2023, safari hii kama kocha wa Uganda, na mwaka 2024 akaifikisha Cranes kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizopangwa kuchezwa Morocco.

Wa tatu ni Johnathan McKinstry wa Ireland Kaskazini. Aliifundisha Uganda kuanzia 2019, akatwaa Kombe la CECAFA mwaka huohuo jijini Kampala, na akaachana na timu hiyo mwaka 2021. Mwaka 2022 alijiunga na Gor Mahia, akaipa ubingwa wa Kenya misimu miwili mfululizo: 2022/23 na 2023/24.

Kwa nini makocha huondoka

Sababu si moja. Ya kwanza ni matokeo. Timu inaposhindwa kufuzu, kocha ndiye wa kwanza kuonyeshwa mlango, kwa kuwa wachezaji 25 hawawezi kufukuzwa kwa siku moja.

Ya pili ni fedha. Milutin Sredojević, Mserbia anayejulikana zaidi kwa jina la Micho, ndiye aliyemaliza ukame wa Uganda. Tarehe 4 Septemba 2016, bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro liliirejesha Uganda katika Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 38. Mwishoni mwa Julai 2017, akiwa bado kipenzi cha mashabiki, Micho alivunja mkataba wake kwa sababu ya malimbikizo ya mishahara. Nchini Kenya, Adel Amrouche, aliyefutwa kazi mwaka 2014, alishinda madai yake dhidi ya shirikisho la soka la nchi hiyo katika mahakama ya michezo ya kimataifa, na deni hilo likalisumbua shirikisho kwa miaka.

Ya tatu ni mafanikio yenyewe. Mwaka 2019 Uganda na Kenya zote zilicheza fainali za Misri chini ya makocha Wafaransa wenye jina moja la kwanza: Sébastien Desabre na Sébastien Migné. Desabre aliifikisha Uganda hatua ya mtoano, ikatolewa na Senegal kwa bao 1-0 tarehe 5 Julai. Siku chache baadaye aliachana na Uganda, kisha akapata kazi katika klabu ya Pyramids ya Misri. Migné aliirejesha Kenya katika fainali hizo kwa mara ya kwanza tangu 2004; mwezi Agosti, baada ya Kenya kutolewa na Tanzania katika mechi za kufuzu kwa michuano ya CHAN, naye akaondoka. Katika muda wa wiki chache, pande zote mbili za Busia zilikuwa hazina kocha.

Lugha ya tangazo

Mashabiki wengi husikia habari ya kocha kuondoka kupitia redio au simu ya mkononi, na maneno yanayotumika yana uzito tofauti.

Kujiuzulu maana yake kocha mwenyewe ameamua. Kufutwa kazi maana yake mwajiri ameamua, na mara nyingi mwajiri hudaiwa fidia ya miezi iliyosalia katika mkataba. Kuachana kwa maelewano maana yake pande zote mbili zimetia saini ili kumaliza jambo bila kwenda mahakamani; maneno hayo hayasemi nani alitaka kuondoka kwanza, wala nani amelipwa nini. Kuwekwa kando ni hatua ya katikati: kocha bado ana mkataba, lakini timu iko mikononi mwa mwingine.

Shabiki anayesikiliza kwa makini ataona kwamba neno lililochaguliwa hueleza mengi kuhusu fedha, hata pale ambapo fedha hazikutajwa.

Anayebaki: kocha msaidizi

Kocha mkuu wa kigeni anapofungasha virago, kuna mtu anayebaki na filimbi. Mara nyingi ni mzalendo. Ndiye anayewajua wachezaji wa ligi ya ndani kwa majina, anayezungumza nao kwa lugha yao, na anayejua nani ana jeraha analolificha. Siku za kawaida huandaa mazoezi, hutazama mechi za wapinzani na kutafsiri maagizo ya mkubwa wake. Siku ya dharura hukabidhiwa timu nzima, aghalabu kwa cheo cha kocha wa muda.

Moses Basena, aliyekuwa msaidizi wa Micho, alipewa Uganda mwaka 2017 zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia dhidi ya Misri. Tarehe 31 Agosti, Namboole ilishuhudia Emmanuel Okwi akifunga bao pekee, na Uganda ikashinda 1-0. Siku tano baadaye Misri ililipiza kisasi kwa idadi hiyohiyo ya bao. Mwezi Oktoba Uganda ikaibana Ghana kwa sare ya 0-0. Hata hivyo, kazi ya kudumu ilikwenda kwa Desabre mwezi Desemba.

Nchini Kenya, Stanley Okumbi, aliyekuwa kocha mkuu kabla ya ujio wa Put, alirudi kushika timu mara Put alipojiuzulu, akaiongoza hadi Migné alipoteuliwa.

Mfano mzito zaidi ni wa Abdallah Mubiru. Mwaka 2019 alishika timu ya Uganda kwa muda baada ya Desabre kuondoka. Mwezi Machi 2021, McKinstry alipowekwa kando, Mubiru aliitwa tena zikiwa zimebaki mechi mbili za kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Uganda ilitoka sare ya 0-0 na Burkina Faso, kisha ikafungwa 1-0 na Malawi mjini Blantyre. Kampeni iliyoanza mikononi mwa mwingine ikaishia mikononi mwake, na Cranes hawakufuzu.

Hapo ndipo penye dhuluma ndogo ambayo mashabiki huitambua bila kuambiwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika soka, mwenyeji huachiwa mgonjwa. Msaidizi akishinda, huambiwa amesaidia kuvuka kipindi kigumu, kisha hupishwa mgeni mwingine. Akishindwa, jina lake ndilo linalobaki kwenye matokeo.

Mashabiki hupokeaje

Mpakani, hasira ya kuondokewa na kocha ina sura mbili. Kocha akiondoka kwa kukosa mshahara, wengi humwonea huruma na lawama huelekezwa kwa viongozi wa soka, kwa kuwa dereva wa lori anayesubiri Malaba na mama anayeuza mitumba wanajua maana ya kufanya kazi bila kulipwa. Kocha akiondoka kwenda kwa jirani, huruma hupungua na utani huanza. Anayeshabikia Uganda humkumbusha shemeji yake wa Kenya kwamba kocha wake alipitia mikono ya Kampala, na mwaka mwingine shemeji humrudishia maneno yaleyale.

Utani huo una faida yake. Unakumbusha kwamba kocha ni mwajiriwa anayefuata mkataba, na kwamba jezi haivuki mpaka pamoja naye. Mashabiki waliomshangilia Williamson akiwa na Cranes hawakuhama kwenda Harambee Stars mwaka 2014.

Kinachofuata

Mwezi Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Tanzania na Uganda haki ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mwezi Agosti 2025 nchi hizo tatu ziliandaa pia michuano ya CHAN, ambayo huchezwa na wachezaji wa ligi za ndani pekee. Kenya na Uganda zote zilifika robo fainali. Uganda iliongozwa na Morley Byekwaso, kocha mzalendo ambaye mwaka 2021 aliifikisha timu ya vijana chini ya miaka 20 fainali ya Afrika nchini Mauritania.

Kwa mashabiki wa Busia na Tororo, michuano ya 2027 itakuwa karibu kuliko yoyote waliyowahi kuiona: Kampala upande mmoja, Nairobi upande wa pili, na barabara kuu ikipita mlangoni mwao. Lakini miaka inayotangulia michuano mikubwa ndiyo miaka ambayo mikataba huvunjika. Likija tangazo jingine la kuachana kwa maelewano, swali la nani anakuja litaulizwa kwanza, kama kawaida. Linalostahili kuulizwa pamoja nalo ni nani amebaki na timu, na kama amelipwa.