Nje ya Uzio: Historia Fupi ya Kilabu cha Pombe Mwadui

Kila mgodi wa Mwadui unapoadhimishwa, simulizi huanza na Mkanada. Dakta John Thoburn Williamson, mwanajiolojia, aligundua almasi hapa mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, likapelekwa kuwa zawadi ya arusi ya binti wa mfalme wa Uingereza, likachongwa likabaki karati 23.6. Williamson akafariki Januari 1958. Hayo yameandikwa sana na yataandikwa tena.

Taasisi ninayoiadhimisha mimi haina hati ya usajili wala picha ya mwanzilishi ukutani. Ni kilabu: mabenchi, mitungi, mama mwenye pombe, na wateja wake. Ilikuwapo kabla ya uzio wa mgodi, na uzio ulipojengwa ikahamia pembeni yake.

Tuanze kwa Wasukuma wenyewe. Pombe ya mtama na uwele ilikuwa malipo kabla ya kuwa biashara. Vijana wa elika, yaani kikundi cha kulima pamoja, walilima shamba la mtu kwa ngoma na jembe, na jioni mwenye shamba aliwapa chakula na pombe. Asiyekuwa na pombe alilima peke yake na mkewe. Kuipika ni kazi ya wanawake tangu hapo, na si kazi ya siku moja. Mtama unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa uwe kimea. Uji unapikwa, unapozwa, unachanganywa na kimea, kisha unaachwa uumuke. Ukiuonja mapema ni togwa, hata mtoto anakunywa. Ukichelewa siku mbili tatu ni siki, na hasara ni ya mpishi.

Kuharibika huko upesi ndiko kulikokipa kilabu utaratibu wake. Mama mmoja hawezi kuuza kila siku, kwa hiyo wanapokezana. Mteja anayejua mtaa wake haulizi pombe iko wapi, anauliza leo ni zamu ya nani. Akishaambiwa jina anajua mengine yote: pombe itakuwa nzito au nyepesi, mwenyewe anakopesha au hakopeshi, na kama mume wa mama huyo ni mkorofi, mteja ataondoka mapema.

Mgodi ulipokua, Mwadui ikawa mji ndani ya uzio. Una lango, walinzi, hospitali, shule, uwanja wa ndege, na maji ya bwawa la Songwa. Zama za ukoloni nyumba zilipangwa kwa rangi na cheo, kama ilivyokuwa desturi ya migodi ya wakati ule, na starehe nazo zikafuata mpangilio huohuo. Sheria ilimkataza Mwafrika kunywa pombe kali za Kizungu. Kwa hiyo mfanyakazi wa kawaida aliyetaka kunywa na mtu asiye msimamizi wake alikuwa na njia moja: kutoka langoni, akaguliwe, ashike njia ya Maganzo.

Maganzo iko kwenye barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, mahali unapokata kuelekea mgodini. Ukitokea Shinyanga mjini unaipita kwanza Kolandoto, penye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland mwaka 1913. Kanisa lao halitaki pombe hata kidogo. Basi katika barabara hiyo moja kuna wanaokunywa, wasiokunywa, na wale wanaokunywa huku wakiangalia nani anapita.

Mteja wa kilabu cha kienyeji hupokewaje? Kwanza anasalimia, na anasalimia wote, si anayemjua tu. Kijana anapoinama kidogo mbele ya mzee na kumwita mwenye pombe "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, ameshajitambulisha bila kutaja ukoo. Kisha mama anachota, anapiga funda la kwanza yeye, ndipo anampa. Desturi hiyo ni ya zamani, ya kuonyesha kwamba kinywaji hakina sumu, na mpaka leo mzee anayepewa kata isiyoonjwa ataishika tu mkononi akingoja. Sijaona baa ya vioo na viyoyozi inayompa mteja dhamana ya namna hiyo.

Hapo anakaa. Benchi halina mwenyewe, na hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Ndani ya uzio kila kiti kilikuwa na ngazi yake ya mshahara. Nje, fundi wa mtambo, mlinzi wa zamu ya usiku, mchunga ng'ombe na mwalimu walibanana kwenye ubao mmoja, wakipokezana chombo kimoja. Sisemi walipendana. Ugomvi ulikuwapo, na vichwa vilipasuka. Lakini aliyekuwa bwana mkubwa mchana alisubiri zamu yake kama wengine, na akijitia kumkatiza mzee maneno aliambiwa anyamaze.

Mambo haya si ya hapa tu. Wale waliokwenda Ireland, au waliosoma habari zake, wanasimulia juu ya baa za mitaa za huko. Nyingi za vijijini zilikuwa pia duka: mbele sukari, chai na misumari, nyuma kaunta ya bia, na jina la mwenye nyumba juu ya mlango. Mteja wa kila siku haagizi, anamiminiwa. Anayekunywa na wenzake ananunua kwa raundi, na anayekwepa raundi yake jina lake linaharibika mtaani. Mtu wa Maganzo hahitaji kufafanuliwa hayo. Grosari zetu ni hivyohivyo, mchele na sabuni huku, kreti kule, na mwenye kutoa ofa anajulikana kama anavyojulikana mwenye kuzikimbia. Tofauti ni moja, nayo ni nzito. Kule, kwa miaka mingi, mwanamke alitengewa kijichumba pembeni ili asionekane akinywa. Hapa mwanamke ndiye mwenye mali, na mwanamume ndiye anayeomba akopeshwe.

Mkopo, tena, ni historia yenyewe. Mgodi ulilipa mwisho wa mwezi, na koo halingoji mwisho wa mwezi. Mama aliuza mali kauli, akiweka hesabu kichwani au kwenye daftari la shule. Siku ya mshahara alikuwa wa kwanza kuonekana njiani. Kwa hiyo afya ya mgodi ilisomwa kilabuni kabla ya kusomwa magazetini: mshahara ukichelewa, daftari linanenepa. Serikali na De Beers waliugawana mgodi nusu kwa nusu mwaka 1958. Baadaye ukawa wa serikali peke yake, mpaka mwaka 1994 De Beers waliporudi na asilimia 75, hisa ambazo Petra Diamonds walizinunua mwaka 2009. Aprili 2020, wakati wa korona, uchimbaji ulisimamishwa na haukuanza tena hadi mwaka uliofuata. Kila zamu ya wenye hisa ilipobadilika, kuna akina mama waliobaki na madeni ya watu walioondoka na mizigo yao.

Bia ya chupa ilikuja na heshima ya kununua. Kiwanda cha bia cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1933. Bia ya Safari ilitoka mwaka 1977, mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kisha ikaja miaka ya uhaba. Baada ya vita vya Kagera, wakati sukari na sabuni zilipangiwa foleni, bia nayo ilikuwa ya kujuana. Bila chupa tupu hupewi iliyojaa. Mteja alifika na chupa zake mbili kwapani, akanywa ya moto bila kunung'unika. Miaka ile pombe ya mtama ilirudisha wateja waliokuwa wameanza kuidharau, maana kimea hakikuhitaji kibali cha fedha za kigeni. Mwaka 1993 kampuni ya bia ya Afrika Kusini iliingia ubia katika TBL, kampuni ya bia ya Tanzania, kreti zikajaa tena, na waliokimbilia mtama wakaukimbia.

Kuna mteja mwingine ambaye historia za kampuni humtaja kwa kumlaumu tu: mbeshi. Ndivyo wanavyoitwa hapa wanaoingia usiku kuchekecha mchanga wa mgodi bila ruhusa. Mbeshi aliyepata jiwe hajifichi kilabuni, ingawa ndiko angepaswa kujificha zaidi. Ananunua meza nzima, kisha meza ya jirani, na kesho yake anakopa sigara. Ukienda Geita kwenye maduara ya dhahabu utamkuta ndugu yake: rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, ikitokea porini, mahema ya vinywaji husimama kabla hata ya choo kuchimbwa. Mbeshi, hata hivyo, alikuja pia na makovu na habari za yaliyowapata wenzake mikononi mwa walinzi. Mei 2021 Petra walikubali kulipa pauni milioni 4.3 katika suluhu na walalamikaji 71 waliodai kuumizwa, au kupoteza ndugu zao, katika shughuli za ulinzi za mgodi huo. Madai ya aina hiyo yalikuwa yamesimuliwa uswahilini muda mrefu kabla ya wanasheria wa London kuyaandika.

Sitaki kuipamba taasisi hii kupita inavyostahili. Gongo, pombe kali ya kienyeji iliyopigwa marufuku kisheria, haikuisha. Viroba, pombe kali za vifuko, viliua vijana taratibu mpaka serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na nadhani marufuku hiyo ilichelewa. Kuna nyumba ambazo ada ya shule ilinywewa. Kuna wake waliofuata waume zao kilabuni na mtoto mgongoni, wakarudi na mtoto tu. Wapishi wenyewe wanayajua hayo kuliko mhubiri yeyote, na wapo wanaomkatalia mteja kwa sababu walishamwona mwanawe akirudishwa shuleni. Mama wa namna hiyo anapoteza fedha ya siku hiyo. Leseni haimlazimishi afanye hivyo.

Mpira nao uliacha alama. Mwadui FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2015, Simba na Yanga zikawa zinakuja hapa kucheza, na meza za Maganzo zilikuwa na la kubishania wiki nzima. Timu ilishuka mwaka 2021. Sasa runinga zinaonyesha ligi ya Uingereza, wateja wanatazama juu badala ya kutazamana, na mhudumu analipwa kwa simu kabla hajaweka chupa mezani. Mali kauli inazidi kuwa adimu. Pombe ya mtama imebaki na wazee na wenye kipato kidogo, na mabinti wa wapishi wengi wamechagua saluni au uwakala wa fedha. Siwalaumu; moshi wa kuni unaharibu macho.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mgodi utakapofikisha miaka mia moja mwaka 2040, kutatolewa kitabu chenye picha za mitambo na mawaziri. Halmashauri ya Kishapu, walimu wa historia wa Mwadui na Maganzo, na yeyote mwenye simu ya kurekodi, waendeeni akina mama waliopika pombe miaka ya sitini na sabini wakiwa bado hai. Waulizeni walijifunza kwa nani, walipokezana zamu vipi, nani alikuwa mteja wao, nani hakulipa. Wengi wao sasa ni bibi wenye umri wa miaka themanini na zaidi.