Mbiu ya Theluji

Usiku wa theluji yangu ya kwanza katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, mlango uligongwa saa nne. Nilipofungua nikamkuta bibi wa ghorofa ya chini, amevaa koti juu ya gauni la kulalia, ananionyesha dirisha. Kule nje gari langu lilikuwa limeshaanza kuwa kichuguu cheupe. Bibi akanyoosha mikono miwili mbele ya kifua, akaisukuma hewa kama mtu anayesukuma mlango mzito, akangurumisha koo. Nikaelewa. Greda la theluji linakuja, na usiku ule hakuna gari linaloruhusiwa kulala barabarani. Tangazo lilikuwa limetolewa tangu asubuhi, kwa Kiingereza cha haraka haraka ambacho masikio yangu hayakuwa yamekizoea.

Nimezaliwa Handeni, mkoa wa Tanga. Huko nilikokulia habari ya kijiji haikusubiri karatasi. Pembe ilipulizwa jioni, na kila mtu mzima akajua kesho ni msaragambo: kuzibua mfereji, kufyeka njia, kubeba mawe ya shule. Ndiyo maana waliotutangulia walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tangu usiku ule wa theluji nimekuwa na swali moja. Katika mji ambao baridi ikikukuta hujajiandaa inaua, nani alikuwa akipuliza pembe kabla ya bibi huyu? Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na wazee wakishapata chai huzungumza. Nikawauliza, nikasoma, nikauliza tena.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba zamani theluji haikuondolewa, ilishindiliwa. Kabla ya magari, watu wa Maine walisafiri wakati wa baridi kwa sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza nyuma ya farasi. Sleji inataka njia nyeupe, ngumu, laini. Kwa hiyo kila baada ya theluji kuanguka, farasi kadhaa walikokota mapipa makubwa ya mbao, kimo chake kama cha mtu, yakapita juu ya barabara yakiikandamiza. Walioishi karibu na madaraja ya mbao yenye paa walikuwa na kazi ya ajabu zaidi. Theluji haikuingia ndani ya daraja, na sleji haiwezi kuteleza juu ya mbao kavu, hivyo watu waliibeba kwa makoleo na kuitandaza humo kwa mikono yao. Katika miji mingi ya sehemu hii ya Marekani, aliyekosa fedha za kodi ya barabara aliweza kuilipa kwa siku za kazi. Niliposimuliwa hayo nilicheka kwa furaha, maana nilikuwa nimekutana na msaragambo kwenye barafu.

Magari yalibadilisha yote. Mwanzoni wenye magari waliyafungia ghalani hadi theluji iyeyuke. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 watu walitaka kuendesha mwaka mzima, na barabara iliyoshindiliwa ikawa mtego. Ndipo yakaja malori yenye ubao wa chuma mbele, yakisukuma theluji pembeni, na baada ya Vita Kuu ya Pili chumvi ikawa inamwagwa kwa wingi ili barafu isishike lami. Hapo ndipo kazi ilipoondoka mikononi mwa majirani ikawa ya idara ya mji. Mkazi hakuitwa tena kufanya kazi; aliitwa kupisha. Na ili upishe, lazima upate habari.

Hapo lugha inaingia. Lewiston ulikua kwa sababu ya maporomoko ya mto Androscoggin. Wachimbaji wa Kiayalandi walichimba mifereji ya kuelekeza maji hayo, viwanda vya pamba vikajengwa kando yake, na kikubwa miongoni mwao, Bates, kilianzishwa mwaka 1850. Mwaka 1874 kituo cha reli ya Grand Trunk kilifunguliwa, na familia za wakulima kutoka Quebec, Kanada, zikaanza kushuka hapo na masanduku yao kutafuta kazi viwandani. Zilikaa karibu na mto, katika nyumba za mbao zilizobanana, mtaa ulioitwa Kanada Ndogo. Kifaransa kilikuwa lugha ya jikoni, ya kanisani na ya dukani.

Watu hao hawakungoja mtu awatafsirie. Mwaka 1880 walianzisha gazeti lao, *Le Messager*, yaani Mjumbe, likadumu hadi miaka ya 1960. Mwaka 1888 masista waliotoka Saint-Hyacinthe, Quebec, walifungua hospitali ambamo mgonjwa aliweza kueleza maumivu yake kwa maneno aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama. Bibi wa ghorofa ya chini aliniambia kwamba baba yake, mfumaji, alikuwa akisoma gazeti kwa sauti baada ya chakula cha jioni, kwa kuwa mama yake na jirani zao wawili hawakujua kusoma. Walisikiliza nani amezaliwa, nani amefariki, kiwanda gani kinaongeza watu, na lini misa itaahirishwa kwa dhoruba. Nikamuuliza: gazeti lilikuwa muhimu kiasi hicho? Akanijibu: "Mwanangu, kuni zilitupasha miili. Gazeti lilitufanya tujue kwamba hatuko peke yetu."

Kujua hivyo kulikuwa na thamani, kwa sababu miaka ile haikuwa ya upole. Mwaka 1919 sheria ya Maine iliagiza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni, na watoto wa Kifaransa wakajifunza kunyamaza. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ilipata wafuasi wengi katika jimbo hili, na hapa iliowalenga ni Wakatoliki, hasa hawa wa kutoka Quebec. Katikati ya chuki hiyo, mwaka 1924, mwandishi wa *Le Messager* aitwaye Louis-Philippe Gagné alianzisha klabu ya watembeaji wa viatu vya theluji, Le Montagnard. Viatu hivyo ni fremu ya mbao iliyosukwa kwa kamba za ngozi kama kitanda cha kamba, ili mguu usizame. Mwaka 1925 klabu iliwaalika wenzao wa Kanada, wakaandamana barabarani na sare zao za rangi.

Nimeitazama picha moja ya watembeaji hao mara nyingi. Watu walioambiwa kwamba si wa hapa walichagua kuonekana hadharani katika majira ambayo kila mtu hujificha ndani. Gagné baadaye alichaguliwa kuwa meya wa Lewiston. Kwangu si jambo la kubahatisha kwamba mtu aliyefanya hayo alikuwa mwandishi wa habari za mtaa. Anayewaletea watu habari zao ndiye anayejua wamechoka wapi na wanahitaji nini.

Fundisho kali zaidi lilikuja Januari 1998. Mvua ilinyesha kwa siku kadhaa huku ardhi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na kila tone lilipogusa kitu likageuka barafu. Matawi yalivunjika kwa uzito, nguzo za umeme zikaanguka, na zaidi ya nusu ya wakazi wa Maine wakabaki gizani, wengine kwa wiki mbili na zaidi. Umeme ukikatika, hata tanuri la mafuta linalopasha nyumba huzimika, kwa maana linawashwa na kuendeshwa kwa umeme. Watu walikusanyika mashuleni na kwenye kumbi, na redio za betri zikawa ndizo pembe. Baadhi ya waliobaki nyumbani waliingiza jenereta au majiko ya mkaa ndani. Moshi wa vitu hivyo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na wapo waliolala wasiamke. Nilipoyasikia hayo niliinamisha kichwa. Kwetu pia nimewahi kuzika familia iliyolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Kifo ni kilekile, na kinga yake ni ileile: mtu akuambie mapema, kwa lugha unayoielewa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2001, familia za Kisomali zilianza kuhamia Lewiston. Viwanda vilikuwa vimefungwa, vijana wamehama, nyumba nyingi zilikuwa tupu. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu walishafika zaidi ya 1,000, katika mji ambao hata mwaka 2020 ulikuwa na wakazi wapatao 37,000. Oktoba 2002 meya wa wakati ule aliandika barua ya wazi akiwaomba wazee wa Kisomali wapunguze wimbi la wageni. Wabaguzi wa kutoka mbali wakaona wamepata mlango. Tarehe 11 Januari 2003 walikuja kufanya mkutano wao, wakajitokeza watu makumi tu. Siku hiyohiyo, katika chuo cha Bates, watu zaidi ya 4,000 walikusanyika kuwaunga mkono wageni. Ilikuwa Januari ya Maine, na watu 4,000 walitoka majumbani mwao.

Kisha wakaja wale ambao sikutarajia kuwakuta popote isipokuwa nyumbani. Katika miaka ya 1830 njaa iliikumba nchi ya Wazigua, watu wa kwetu, na wengi waliuzwa utumwani, wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Benadir. Baadhi walitoroka wakaenda bonde la mto Juba, na simulizi zao zinamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankucha. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 viliwakimbiza wazao wao hadi kambi za Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea maelfu ya hao walioitwa Wabantu wa Somalia, na baadhi yao wamekaa hapa Lewiston.

Asubuhi moja nilimkuta mzee akikwangua barafu kwenye ngazi za nyumba ya jirani. Nikamwamkia: "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Handeni. Koleo likasimama. Akaanza kuzungumza Chizigula, lugha ya bibi yangu, yenye maneno ambayo mimi mwenyewe nimeyasahau kwa kukulia kwenye Kiswahili. Tulisimama kwenye barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Mababu zake walikuwa wamekaa Somalia zaidi ya miaka 150 bila kuipoteza. Hapo nikaona aibu ya kukaa na habari ninazozijua bila kumwambia mtu.

Sasa mimi, mzee huyo na majirani wengine tunazo njia zetu za kupashana habari. Kuanzia Oktoba tunawakumbusha watu kuomba msaada wa gharama za kupasha nyumba joto, mpango wa serikali kuu uliowekwa mwaka 1981 baada ya bei ya mafuta kupanda vibaya. Hakuna jimbo linalotegemea mafuta ya kupasha nyumba zaidi kuliko Maine, na anayechelewa kuomba hukuta tangi tupu wakati baridi imeshapamba moto. Tunawaambia walete hati za mshahara na mkataba wa nyumba. Tunakusanya makoti na buti za watoto kanisani na msikitini. Tunafundisha kwamba lami nyeusi inayong'aa kama imelowa inaweza kuwa barafu tupu, na kwamba unatembea juu yake kama bata, miguu bapa, hatua fupi.

Theluji inapotabiriwa, mimi ndiye ninayerekodi ujumbe wa Kiswahili kwenye simu. Binti mmoja hurekodi kwa Kisomali, na yule mzee hurekodi kwa Chizigula. Wapo Wakongo na Warundi waliofika karibuni, na wanaupokea wakiwa bado wanafungua mabegi. Bibi wa ghorofa ya chini hawezi tena kupanda ngazi, kwa hiyo mimi humpelekea habari kwa mdomo, naye hunisahihisha Kifaransa changu kidogo.

Jana nilirekodi hivi: "Habari za jioni, ndugu zangu. Theluji inaanza usiku huu. Ondoeni magari barabarani kabla ya kulala. Chajini simu. Umeme ukikatika, jiko la mkaa lisiingie ndani, hata kwa dakika tano. Na kabla hujafunga mlango, mgongee mgeni wa ghorofa yako. Huenda hajausikia ujumbe huu."

Saa nne usiku nilisikia ngazini mlango ukigongwa, halafu wa pili.