Eropleni ya Goma, Mwaka wa 2008

Mji wa Goma u mbali sana na Bagamoyo. Uko mashariki ya Kongo, ukingoni mwa ziwa Kivu. Lakini sokoni kwake husemwa Kiswahili, nacho kilifika Kongo pamoja na misafara iliyotoka pwani yetu hii, ikapita Tabora na Ujiji hata Maniema. Kwa hiyo habari zao si habari za wageni kabisa.

Tarehe 15 Aprili 2008 eropleni ya kampuni ya Hewa Bora, aina ya DC-9, yenye injini mbili, ilikuwa ikiondoka Goma. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kurukia ilikuwa na maji. Eropleni ilipokuwa ikienda mbio, injini moja ikaharibika. Rubani akataka kusimama, asiweze. Ikaipita njia, ikaingia Birere, mtaa wa maduka na nyumba zilizosongamana, ikashika moto.

Watu hudhani kwamba injini moja ikifa eropleni haina budi kuanguka. Sivyo. Eropleni kubwa ya injini mbili huundwa iweze kupanda kwa injini moja, maadamu imekwisha kupata mwendo wa kutosha. Kabla ya kufikia mwendo huo, rubani sharti afunge breki. Nao huhesabiwa kabla ya kila safari, kwa kuangalia uzito wa mizigo, hali ya hewa na urefu wa njia. Basi njia ikiwa fupi, shauri lote huwa gumu. Tena Goma iko juu, yapata futi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na eropleni hukimbia mbali zaidi ndipo iinuke.

Njia ya Goma ilifupishwa na nini? Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa moto Nyiragongo ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka yakatiririka katikati ya mji hata ziwani, yakafunika upande wa kaskazini wa njia ya eropleni. Yalipopoa yakawa mwamba. Miaka sita ikapita, mwamba uko palepale, na eropleni zikaruka kwa kipande kilichobaki. Upande wa kusini ndiko iliko Birere. Wachuuzi wa huko mimi siwalaumu, maana mchuuzi hufuata watu walipo.

Wakafa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Abiria walio wengi walitoka wakiwa hai. Waliokufa walikuwa watu wa mtaani, waliokuwa wakiuza na kununua, wala hawakukata tikiti ya kwenda popote.

Tarehe 24 Novemba 2019 eropleni nyingine, ndogo, iliyokuwa ikienda Beni, ilianguka juu ya nyumba za mji huohuo muda mchache baada ya kuruka. Wakafa watu zaidi ya 20, na baadhi yao walikuwa nyumbani mwao.