Mwisho_Kabisa_2

Muhula wangu wa mwisho chuoni (wa mwisho kwangu tu, wenzangu waliendelea) kikundi chetu cha watu watano kilikuwa na ripoti moja, flashi moja na faili nne: "mwisho", "mwisho2", "mwisho_kabisa", "mwisho_kabisa_2". Kule saiba ikachapishwa ile isiyo na sehemu yangu. Mhadhiri akauliza nani hakufanya kazi. Ningethibitisha na nini?

Kumbe dawa ilikuwa imetafutwa kitambo. Tarehe 9 Desemba 1968, jijini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha ukumbi mzima jinsi yeye na Bill Paxton, aliyekuwa Menlo Park, walivyoweza kutazama maandishi yaleyale kwenye skrini, huku wakiongea. 1968, jamani!

Ugumu haukuwa waya peke yake. Chukua neno "pika". Mimi naongeza "na" mwanzoni. Sekunde hiyohiyo, wewe kwako unafuta herufi ya 4, yaani ile "a". Amri yako ikifika kwangu, herufi ya 4 sasa ni "i". Kompyuta ikitii kibubusa, nabaki na "napka", wewe una "napik". Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walichapisha njia ya kutoka hapo: amri irekebishwe kabla ya kutekelezwa, ile 4 iwe 6. Ellis, kwa taarifa yako, ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamifu ya sayansi ya kompyuta.

Lakini programu za ofisi ziliendelea kuuzwa kwenye maboksi, na faili ikaishi ndani ya mashine ya mtu mmoja. Writely ilikuja 2005, ikifunguliwa kwenye kivinjari tu. Google wakainunua 2006, ikawa sehemu ya Docs. EtherPad ikafuata 2008, kila mwandishi na rangi yake. Mwaka 2010 Docs ikaundwa upya, ukaanza kuona herufi za mwenzako zikitokea anapozichapa. Microsoft, wenye Word yao, walifika hapo kwenye toleo la mtandaoni mwishoni mwa 2013. Pole pole hivyo, na pesa zote hizo!

Mimi huwa sijali sana hivyo vishale vya rangi. Ninachofungua kwanza ni historia ya matoleo: jina, saa, sentensi. Kikundi chetu kilikuwa kwa flashi miaka kadhaa baada ya hayo yote, kwa sababu bando la kukaa mtandaoni usiku kucha lilikuwa na mtu mmoja, na si mimi.